Hasi Elfu Moja Mia Tisa na Ishirini

Mutonyi alinipigia simu saa mbili asubuhi:
"Programu yako imekufa. Njoo uizike."
Nyuma ya sauti yake nikasikia mizani,
chuma kikigonga chuma, na watu wa Bududa waliolala njiani
wakiuliza kahawa yao itapimwa lini.

Nikafika ghalani, Mbale mjini, kompyuta mgongoni.
Foleni imepinda kona mara mbili.
Kwenye skrini orodha ya wakulima ipo, safi,
kila jina mahali pake,
ila ukibofya, kimya.
Ukibofya tena, mashine inaguna: tung'.
Mlio mmoja, kama wa mtu aliyezibwa mdomo.

Nilidhani kumbukumbu imejaa. Nilidhani virusi.
Niliulaumu umeme, ambao kwetu haukosi kosa.
Mutonyi akanitazama unavyomtazama fundi wa saa
aliyekwisha kuifunga, na bado ana skrubu moja kiganjani.

Saa tano ndipo nikauliza swali la kijinga:
"Ile skrini ya pili iko wapi?"
"Ilikwenda tawi la Budadiri, Jumatatu,
kwa boda, imefungwa blanketi kama mgonjwa."

Basi.
Dirisha halikuwa limekufa.
Lilikuwa wazi, linang'aa, lina vitufe viwili,
linauliza kwa adabu niliyolifundisha mwenyewe:
Uzito huu uhifadhiwe? Ndiyo. Hapana.
Ila lilikuwa limefungukia kushoto,
pikseli hasi elfu moja mia tisa na ishirini,
pale ambapo Ijumaa palikuwa na kioo
na leo pana ukuta, kalenda ya mwaka jana,
na mjusi.

Mimi ndiye niliyeliambia: kumbuka ulipokaa.
Nilijiona muungwana. Mtu asilazimike
kupanga upya meza yake kila asubuhi.
Sikuliambia: kwanza uliza kama mahali penyewe bado papo.
Na mimi ndiye niliyeliamuru dirisha mama:
usiguswe, usisogee, usimwitikie mtu
hadi mwanao ajibiwe.
Likatii.
Ningeandika programu kaidi kidogo, tungekuwa tumeshapima.

Mutonyi hakungoja nimalize kujilaumu.
"Nimebonyeza kila kitu," akasema. "Nafasi, Ingiza, Futa, mpaka kile kitufe kisicho na jina.
Mara nyingine ilizinduka yenyewe, tukaendelea."
Tumbo likanipoa.
Kumbe alikuwa anajibu gizani
swali asiloliona,
kwa kidole kilichokasirika.

Tukakagua tangu Jumatatu.
Kilo sitini na tatu za Wepukhulu: Hapana.
Kilo arobaini za mama yake Nabifo: Hapana.
Gunia bichi la Khaukha, alilosema mwenyewe
analirudisha nyumbani kulianika: Ndiyo,
tena mara tatu.

Mutonyi akafungua droo akatoa daftari,
jalada limelainika kwa jasho la mikono,
na yote yamo, wino wa buluu, kilo kwa kilo.
Hakusema neno. Alilisukuma tu upande wangu wa meza.

Nikaandika mistari sita.
Hesabu skrini zilizopo leo, si za jana.
Dirisha likiangukia nje, lishike mkono, lirudishe katikati.
Nikaongeza wa saba: kitufe cha Ingiza
kisiwe na jibu mfukoni kabla mtu hajasoma swali.

Alasiri foleni ikasogea.
Wepukhulu akapewa risiti, akaisoma mbele na nyuma,
akaikunja ndani ya kofia.
Nje ya dirisha la kweli, lenye bawaba na kutu,
maji ya Wanale yalining'inia mwambani kama uzi,
na hakuna aliyekuwa na nafasi ya kuyatazama.

Swali sasa linakuja katikati ya skrini, kubwa, halikosekani.
Hata hivyo kila linapokuja
Mutonyi kwanza anageuza shingo kushoto,
kwa mjusi,
kisha anarudi, anasoma, anajibu.
"Na hiyo shingo?" nikamuuliza.
"Hiyo," akasema, macho kwenye mizani,
"iandikie mstari wa nane."